Dalili za wasiwasi kwa mtoto wa shule: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila kikao cha wazazi, kila msimu wa mitihani na kila Januari shule zinapofunguliwa. Majibu yamelenga shule za Tanzania, ingawa mzazi wa Mombasa au Bujumbura atakuta humu mengi ya kwake. Yatakusaidia kuona mapema. Kupima na kutibu ni kazi ya wahudumu wa afya. Kama mtoto ametamka kwamba anataka kufa au kujidhuru, usisome kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja swali la 24.

## Mambo ya msingi

1. Kila mtoto huogopa. Nitajuaje kwamba wasiwasi wa mtoto wangu umezidi?

Tazama kwanza kile ambacho hofu inamnyima. Mtoto wa miaka sita kumlilia mama yake siku za mwanzo za shule, au kijana kukosa usingizi usiku wa kuamkia mtihani wa taifa, ni mambo yanayopita yenyewe. Wasiwasi umezidi pale unapoanza kula maisha yake: anakosa vipindi, hali vizuri, halali, ameacha mpira au kwaya aliyokuwa akiipenda, marafiki wamepungua.

Kisha tazama muda. Hofu ya kutengana na mzazi, kwa mfano, madaktari huanza kuihesabu kuwa tatizo ikidumu wiki nne au zaidi. Wasiwasi wa mambo mengi kwa pamoja (shule, afya ya mama, wezi, ajali, kesho itakuwaje) hupewa kipimo cha miezi sita. Usisubiri miezi sita ndipo uchukue hatua. Muda huo ni wa daktari kutambua ugonjwa. Wewe mzazi unaruhusiwa kuuliza wiki ya pili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtoto 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili. Kwa wasiwasi peke yake, kwa walio na miaka 10 hadi 14, ni takriban 4 katika kila 100. Kwenye darasa la watoto 50 hao ni wawili.

2. Mtoto wa darasa la kwanza ana nini cha kuwaza?

Ana mengi, ila hayafanani na yetu. Wa miaka sita au saba huogopa kusahaulika shuleni, kupotea, mbwa wa njiani, giza. Wengi huogopa choo cha shimo cha shule kuliko wanavyomwogopa mwalimu, wakabana mkojo toka asubuhi hadi wanaporudi. Kuanzia miaka minane hivi huingia kifo, ajali na ugonjwa wa mzazi. Akifika kumi na moja au kumi na mbili, hofu kubwa huwa ni kuchekwa: mwili unaobadilika, sauti inayokwaruza, sare iliyochakaa, kuitwa mbele ya darasa kwa sababu mchango haujalipwa.

3. Je, si kudeka tu? Mbona sisi zamani hatukuwa na mambo haya?

Anayedeka hutulia akipata anachotaka, na huchagua wa kumdekea. Mwenye wasiwasi hatulii hata ukimpa, na hofu yake humnyima hata vitu anavyovipenda. Mtoto anayekataa shule lakini pia hataki kwenda kwenye sherehe ya binamu yake aliyoingoja mwezi mzima hadeki.

Zamani walikuwepo. Waliitwa waoga, watoro au wazito wa kuelewa, wakaishia darasa la nne, na hakuna aliyewauliza.

4. Hajawahi kuniambia kwamba anaogopa. Kwa nini hasemi?

Kwa sababu hana maneno yake, na kwa sababu tumemlea asimjibu mkubwa. Atakachosema ni "naumwa", "sitaki", "mwalimu hanipendi", "nimechoka". Wengine hawasemi chochote, wanakunja uso tu.

Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika mambo matatu: siku, saa, na kilichotangulia. Kichwa kiliuma lini? Alilia saa ngapi? Kesho yake kulikuwa na nini? Mara nyingi ukurasa wa pili tu unaanza kusema: Jumapili jioni, siku zenye kipindi cha hesabu, siku ya mwisho ya kulipa mchango, zamu ya mwalimu fulani. Daftari hili litakufaa tena kwenye maswali ya 19 na 20, kwa hiyo usilitupe.

## Mwilini na nyumbani

5. Tumbo linamuuma kila asubuhi. Tumempima, hana kitu. Anadanganya?

Hadanganyi. Hofu huamsha mwili ujiandae kukimbia au kupambana, na tumbo ni kati ya sehemu zinazopata habari mapema: linasokota, kichefuchefu kinakuja, choo kinakuwa laini. Maumivu ni ya kweli hata kama vipimo ni safi. Dalili nyingine za mwili ni kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, viganja kutoa jasho, kutetemeka, kifua kubana na kwenda haja ndogo kila mara.

Kinachotambulisha wasiwasi ni kalenda yake. Tumbo linauma saa kumi na mbili asubuhi, saa nne limepona, Jumamosi halipo, likizo halipo kabisa, na wiki ya kufungua shule linarudi.

Hata hivyo vipimo vya mwanzo vifanyike. Minyoo, choo kigumu, vidonda vya tumbo na maambukizi ya njia ya mkojo vyote huleta maumivu yanayofanana na haya. Na zipo alama ambazo hazielekezi kwenye wasiwasi hata kidogo: maumivu yanayomwamsha usiku, kutapika mfululizo, damu kwenye choo, homa, kupungua uzito. Ukiona mojawapo, mrudishe hospitali hata kama alishapimwa.

Jambo moja tafadhali: usimwambie "huna kitu". Mwambie "daktari hajaona ugonjwa tumboni, na najua linauma. Tutafute linauma kwa sababu gani."

6. Alishaacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena. Ni wasiwasi?

Inawezekana, hasa kama alikaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akarudia baada ya jambo fulani: kuhama shule, msiba, wazazi kutengana, mtoto mchanga kuzaliwa, kuonewa. Lakini anza zahanati. Apimwe mkojo na sukari. Mtoto anayekojoa sana, anayekunywa maji kupita kawaida na anayekonda anaweza kuwa na kisukari, na huyo apelekwe siku hiyohiyo. Wenye selimundu (sikoseli) pia hukojoa kitandani zaidi ya wenzao.

Kumtembeza na godoro mbele ya majirani, au kumtangaza kwa wageni, huongeza tatizo. Bado tunayaona hayo, na yakome.

7. Halali, au anaamka usiku anataka kulala nasi.

Kwanza hesabu saa zake. Mtoto wa Dar es Salaam anayeamshwa saa kumi alfajiri ili awahi basi la shule, akarudi saa kumi na mbili jioni na kukutana na tuisheni, amechoka tu. Mpunguzie ratiba kabla hujamtafutia ugonjwa. Ila mtoto aliyepewa nafasi ya kulala akabaki macho makavu, anauliza mlango umefungwa, anauliza kesho nani atamfuata, huyo anawaza. Simu chumbani iondolewe kwa vyovyote vile.

8. Anauliza swali lilelile mara kumi: "Mama, utakuja kunichukua?" Nimjibu kila mara?

Mjibu mara moja, vizuri, kwa ukweli. Akirudia, mrudishie swali kwa upole: "Nilikujibuje?" Aseme mwenyewe. Kila jibu jipya humtuliza dakika chache, kisha kiu ya jibu lingine huja kubwa zaidi. Na usiahidi usichokiweza. Ukisema saa tisa, uwepo saa tisa. Kama foleni ya Ubungo haitabiriki, mwambie "baada ya kengele ya mwisho, na nikichelewa utakaa na mwalimu wa zamu".

9. Amekuwa mkali. Anapiga wadogo zake na kujibu ovyo. Hiyo nayo ni hofu?

Mara nyingi, ndiyo, na ndiyo dalili inayopotosha watu wengi. Mtoto aliyejibana siku nzima shuleni hufungulia nyumbani, mahali alipo salama. Wavulana hasa, kwa kuwa wameambiwa kulia ni aibu, hofu yao hutoka kama hasira. Ukali ukianza ghafla kwa mtoto aliyekuwa mpole, uliza nini kimebadilika kabla hujashika fimbo.

## Darasani

10. Nina wanafunzi zaidi ya 80. Nitamtambuaje mmoja mwenye wasiwasi?

Kiwango cha Serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na kila mwalimu anajua hali halisi. Kwa hiyo usijaribu kuwatazama wote. Tumia daftari la mahudhurio ulilonalo: badala ya kusoma jina kwa jina, soma siku kwa siku. Nani hukosekana Jumatatu? Nani hukosekana siku za jaribio? Nani huwepo asubuhi akatoweka baada ya mapumziko? Daftari hilo lina habari nyingi ambazo sisi walimu huzijaza tu na kuzifunga.

Darasani, mtoto wa kuangalia ni yule asiyesumbua. Anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila inapofika zamu yake ya kusoma kwa sauti. Anakaa nyuma ya mwenzake mkubwa ili usimwone. Anajua jibu kwenye daftari lakini ukimwita ubaoni mkono unatetemeka. Anang'ata kucha, anavuta nywele, anatafuna kola ya shati. Wakati wa mapumziko yuko karibu na ofisi ya walimu, au peke yake nyuma ya darasa.

11. Nyumbani anaongea kama redio, shuleni hatoi neno. Ana kiburi?

Hana. Wapo watoto ambao hofu huwafunga sauti mahali fulani tu. Mwezi wa kwanza wa shule usihesabiwe, kwa kuwa wengi hunyamaza wakizoea. Ikizidi hapo, ni hali inayojulikana kitabibu na inayotibika, hasa ikiwahiwa. Kumlazimisha kwa viboko au kumwahidi zawadi mbele ya darasa huifanya ngumu zaidi. Mwache aanze kwa kuonyesha kwa kidole, kisha kumnong'oneza rafiki, kisha kumnong'oneza mwalimu. Hakikisha pia masikio yamepimwa, na kwamba lugha ya shule anaielewa (swali la 15).

12. Hatulii, anahangaika kwenye dawati. Huu ni wasiwasi au utundu?

Mtundu huhangaika kila mahali: nyumbani, madrasa, kanisani, hata kwenye mchezo anaoupenda. Wa wasiwasi huhangaika palipo na tishio lake, na kwingine ametulia. Yupo pia anayeonekana kupotea kwa sekunde chache, macho yamekodoa, hasikii akiitwa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Huyo apelekwe kupimwa kifafa. Na asiyeona ubao, ambaye hukaa kwa mashaka kwa sababu hajui kilichoandikwa, anahitaji miwani.

13. Wangu ni wa kwanza darasani. Hawezi kuwa na shida hii, au siyo?

Anaweza, na huyu ndiye anayechelewa kuonekana kwa sababu alama zake zinafurahisha kila mtu. Mtazame anavyofanya kazi. Anafuta mpaka karatasi inatoboka. Anaandika ukurasa upya kwa sababu ya herufi moja. Amepata 92 na analia kwa ajili ya 8. Hakabidhi insha kwa kuwa "haijaisha". Akishika nafasi ya tatu hataki kurudi nyumbani.

Nafasi zinachangia. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kuanzia matokeo ya 2022, lakini shule nyingi bado husoma majina mstarini kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Sioni faida ya kumsimamisha mtoto wa 78 mbele ya wenzake, na sioni faida hata kwa yule wa kwanza, ambaye kuanzia hapo ana kitu kimoja tu cha kufikiria: kutoshuka.

## Mitihani, lugha, bweni na fimbo

14. Nyumbani anajua yote, kwenye mtihani anasahau. Kwa nini?

Hofu kubwa hujaza nafasi ambayo akili huitumia kushika hatua za swali. Anasoma sentensi mara tatu haiingii, anaona wenzake wanageuza kurasa, anazidi kuharibikiwa. Akitoka nje ya chumba, majibu yanarudi. Hiyo ndiyo alama yenyewe: asiyejua hakumbuki hata akitoka.

Miezi ya kuelekea mtihani wa darasa la saba, yenye kambi za kitaaluma na majaribio kila wiki, huwachosha wengi. Mazoezi ya kweli husaidia kuliko kutiwa moyo: akae nyumbani na karatasi ya zamani, saa ikiwa mezani, aanze na swali analoliweza. Afundishwe kuweka kalamu chini kwa nusu dakika na kutoa pumzi taratibu kabla ya kuendelea. Na aambiwe na mzazi, kwa maneno, nini kitatokea asipofaulu. Watoto wengi wanaamini watafukuzwa nyumbani.

15. Alikuwa mchangamfu shule ya msingi, kidato cha kwanza amenyamaza kabisa.

Shule za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono anajikuta hawezi hata kuomba kwenda chooni bila kuchekwa. Baadhi ya shule humwadhibu anayekutwa akiongea Kiswahili, na hapo hata mazungumzo ya mapumziko yanakufa.

Mwalimu, mpime hivi: mwite pembeni, muulize somo la jana kwa Kiswahili. Akieleza vizuri, tatizo lake ni lugha, na hofu imekuja juu yake. Akinyamaza hata hapo, soma majibu ya 10 na 11.

16. Yuko bweni na analia kwenye simu. Nimwache azoee?

Wiki mbili tatu za kwanza, huzuni ya nyumbani ni ya kawaida, na mara nyingi huzidi jioni na siku za kutembelewa. Zungumza na matroni au patroni, siyo na mtoto peke yake: anakula? Ana rafiki hata mmoja? Anakwenda chumba cha wagonjwa mara ngapi? Anayelia kwenye simu kisha nusu saa baadaye anacheza, anazoea. Asiyekula, aliyekonda, anayekesha, au aliyeacha kulia na kubaki kimya tu, hazoei.

Umri ni hoja. Mwaka 2023 Serikali ilitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kwa maoni yangu ulichelewa. Na kama anakataa kurudi bweni bila kueleza sababu, soma swali la 23 kabla hujampandisha basi.

17. Anaogopa mwalimu mmoja anayechapa. Hiyo ni wasiwasi au ni haki yake kuogopa?

Ni hofu yenye sababu, kwa hiyo dawa yake si kumtuliza mtoto. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinaruhusu visizidi vinne kwa kosa, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na vyote viandikwe kwenye daftari maalumu. Kuchapa darasa zima kwa sababu ya hesabu walizokosa hakumo humo. Mzazi aende kwa mkuu wa shule, asiporidhika aende kwa afisa elimu kata au afisa elimu wa wilaya.

## Nifanye nini sasa

18. Nianzeje kumuuliza bila kumtisha?

Msikae uso kwa uso kama kwenye baraza la usuluhishi. Muulize mikono ikiwa na kazi: mnachambua mchicha, mnafua, mnatembea kwenda dukani. Acha "kwa nini unaogopa?", kwa kuwa hajui. Uliza "saa ngapi shuleni huwa pagumu zaidi?" au "kama ungeondoa kitu kimoja pale shuleni, ungeondoa nini?" Akisema jambo dogo, usicheke. Akishasema, usikimbilie kutatua. Kaa nalo kidogo.

Kama kwako hafunguki, mtumie bibi au babu. Utani wao na wajukuu hufungua midomo ambayo mzazi ameshindwa kuifungua, na hakuna aibu hapo.

19. Nimruhusu abaki nyumbani ili apate nafuu?

Siku moja ya kubaki nyumbani humpa nafuu kubwa, na ubaya uko hapohapo: mwili unajifunza kwamba kukwepa ndiko kunakoponya. Kesho yake shule imekuwa ngumu maradufu. Mwezi mmoja wa namna hiyo huwa mgumu sana kuurudisha.

Mpelekeni kwa ngazi. Tumia daftari la swali la 4 kujua ugumu uko wapi, kisha mpatane na mwalimu: leo afike hadi getini na kukaa dakika kumi, kesho kipindi cha kwanza, wiki ijayo hadi mapumziko. Kila ngazi irudiwe mpaka ichoshe. Asirudishwe nyumbani hofu ikiwa kileleni; isubiriwe ishuke kidogo ndipo aondoke. Sifa itolewe kwa kujaribu.

Ngazi hizi hazihusu mtoto anayekimbia hatari ya kweli: kuonewa, kuchapwa kupita kiasi, kuombwa ngono. Huyo huondolewa hatari kwanza.

20. Nimwambie mwalimu? Naogopa atamtangaza.

Mwambie, lakini chagua mtu na maneno. Shule nyingi zina mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, anza naye. Nenda na daftari lako, na uwe na ombi dogo linalotekelezeka: "Mwalimu, naomba kwa wiki tatu asiitwe kusoma kwa sauti bila kumwarifu kabla, na akae safu ya pili karibu na rafiki yake. Na naomba iwe kati yetu." Mwalimu akipewa jambo la kufanya hufanya, akipewa malalamiko hujitetea, kama binadamu yeyote.

21. Ghafla anahema, anashika kifua, anasema anakufa. Nifanyeje?

Kama ana pumu, selimundu au ugonjwa wa moyo, au amezimia, au midomo imebadilika rangi, ni dharura ya hospitali, usikae kubahatisha. Kama ni mara ya kwanza, apimwe hata akitulia.

Kama alishapimwa na inajulikana ni hofu kali, kaa naye chini, sema kwa sauti ya chini kwamba itapita. Kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika kumi hivi kisha hushuka. Hemeni pamoja: avute kwa hesabu ya tatu, atoe kwa hesabu ya tano. Ataje vitu vitano anavyoviona. Ondoa watazamaji. Usimfunike uso kwa mfuko, na usimmwagie maji.

## Hospitali, dua na hali za pekee

22. Lini twende hospitali, wapi, na je, atapewa dawa maisha yote? Na maombi je?

Nenda kama shule imekatika zaidi ya wiki mbili, kama hali ya kula na kulala haijarudi, au kama mbinu za hapo juu hazijasogeza kitu ndani ya mwezi. Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Muhimbili ina idara yake, Dodoma ipo Mirembe, Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Kwenda huko si kumwita mtoto kichaa.

Tiba inayotangulia ni mazungumzo yenye mpango, yanayomfundisha mtoto kuzitambua fikra zake za hofu na kuikabili hofu kwa ngazi. Dawa hutumika kwa baadhi, hasa wenye hali nzito. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, zina muda wake, na wiki za mwanzo mtoto huangaliwa kwa karibu. Zisiachwe ghafla bila daktari. Dawa ya usingizi ya kununua duka la dawa, au "ya kutuliza" aliyoandikiwa shangazi, isiguse mdomo wa mtoto.

Dua na maombi vinaweza kumpa mtoto utulivu, na imamu au mchungaji mwenye busara ni msaada mkubwa. Mpaka ni huu: asifungiwe, asipigwe, asinyimwe chakula, asichanjwe chale, na asiachishwe kliniki.

23. Nitajuaje kama nyuma ya hofu kuna mtu anayemtendea ubaya?

Angalia hofu yenye jina: anamkwepa mtu mmoja, nyumba moja, njia moja, dereva mmoja. Anakataa kuvuliwa nguo au kuogeshwa. Ana maumivu au michubuko sehemu za siri, ana fedha au zawadi zisizoelezeka, anajua mambo ya ngono kuliko umri wake. Kwa mtoto wa bweni, kukataa kabisa kurudi kwaweza kuwa ndiyo sentensi yake yote.

Akisema, mwamini, usimhoji mara nyingi, usimwogeshe wala kufua nguo zake kabla ya kufika hospitali. Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Namba hiyohiyo hutumika Kenya. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Usikubali kikao cha ukoo kiyamalize.

24. Amesema anataka kufa. Anatishia tu?

Chukulia ni kweli. Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua? Umefikiria kwa njia gani?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, humpa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake. Sumu ya panya, dawa za mifugo na za kuulia wadudu, vidonge vyote na kamba viondolewe leo. Mpeleke hospitali leo. Kumgombeza kwa dhambi au kumcheka humfundisha kutosema tena.

25. Wasichana wa shule yetu wanaanguka na kupiga kelele. Wazazi wanasema ni mashetani. Ni nini?

Tukio linalotajwa sana duniani la aina hii lilitokea kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, magharibi mwa Ziwa Victoria, wanafunzi watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali ikasambaa kwa 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, ikaendelea vijijini. Madaktari walitafuta sumu na maambukizi wasipate; walichokiona ni hofu na mkazo vinavyopita kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Wanaoanguka hawaigizi. Watenganishwe kimya kimya na kila mmoja akae na mtu mtulivu, watazamaji waondoke, simu za kurekodi ziwekwe chini. Wapimwe mmoja mmoja, maana kati yao anaweza kuwepo mwenye malaria, kifafa au mimba. Kisha uongozi uulize kinachoendelea bwenini: chakula, adhabu, mitihani, usalama wa usiku, mwalimu au mlinzi anayeogopwa. Kukusanya shule nzima uwanjani kwa maombi ya kelele mara nyingi huongeza idadi ya wanaoanguka, kwa hiyo kama viongozi wa dini wataitwa, wakae na wachache, chumbani, kwa sauti ya kawaida.